“Ni Siku Kumi Tu”: Ukitwishwa Mbwa au Paka wa Mtu

Ombi lenyewe haliji kama ombi. Linakuja Alhamisi saa tatu usiku, na ndege ni Jumamosi alfajiri: “Shem, tiketi nishakata, dada wa kazi kaenda kwao msibani, nikasema nani mwingine zaidi yako? Simba hana shida kabisa, anakula chochote. Ni siku kumi tu.” Usome mara mbili utaona swali halimo. Kuna taarifa, kuna sifa za mbwa, kuna muda, na kuna ule mtego wa “nani mwingine zaidi yako”. Ujumbe unaofuata ni wa asante, na wewe hujajibu.

Kiswahili kina neno la hali hii: muhali. Kumwonea mtu muhali ni kushindwa kumwambia hapana kwa sababu ya undugu, ujirani, au fadhila aliyokutendea mwaka juzi. Muhali ukikuchangisha harusi, unatoa fedha, yanaisha. Ukikuletea mnyama, umepokea kiumbe mwenye tumbo na meno, asiye na kadi ya chanjo, na mwenyewe yuko hewani simu imezimwa. Kumlisha ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye maamuzi: apelekwe kwa daktari usiku huu au tusubiri asubuhi, nani analipa, akimng’ata mtoto wa jirani nani anaulizwa. Mambo hayo yana wakati wake wa kuzungumzwa, nao ni kabla begi halijafungwa.

Kukataa bila kudanganya

Uongo wa kukwepa mnyama hauna maisha marefu. Ukisema unasafiri, Jumapili utaonekana sokoni. Taja sababu ya kweli, moja, fupi, usiitetee. Anayeongeza sababu ya pili na ya tatu anafungua majadiliano, na mwenye mbwa ana jibu la kila moja.

Sababu za kweli zipo nyingi. Kama umepanga, soma mkataba, maana mikataba mingi inakataza wanyama na mwenye nyumba hatajali kwamba mbwa ni mgeni. Kama ndani kuna mtu mwenye pumu, inatosha hapo. Kama una mbwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo, usimwingize mbwa usiyemjua, kwa sababu virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi na mbwa anaweza kuvibeba bila kuonekana mgonjwa.

Halafu kuna dini, ambayo watu wengine huizungumzia kwa aibu isiyo na sababu. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayetaka kumleta mbwa kwenye nyumba ambayo bibi anaswalia sebuleni anajua hilo, au alipaswa kujua. Paka ni habari nyingine. Huyo hata akilala juu ya mswala hakuna anayekurupuka.

Kwa upande wa paka, kikwazo kinachotajwa sana ni ujauzito, na mara nyingi kinatajwa kwa makosa. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinatoka kwenye kinyesi cha paka, lakini vikishatoka vinahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mjamzito anaweza kuishi na paka. Asichotakiwa kufanya ni kusafisha trei ya choo chake. Mtu mwingine aisafishe kila siku, bila kulaza. Kama nyumbani hakuna huyo mtu mwingine, hiyo ni sababu tosha ya kukataa.

Ukikataa, toa kile unachokiweza, kwa maneno ya kawaida: “Shemeji, mbwa kwangu haiwezekani, mwenye nyumba hataki. Ila nitapita kwako asubuhi na jioni nimpe chakula na maji mpaka urudi.” Kwa paka, jambo hilo ni bora kuliko kumhamisha. Paka ameizoea nyumba kabla ya kumzoea mtu. Ukimwachia kwao, mtu akaingia mara mbili kwa siku, akabadilisha maji, akasafisha trei na kukaa naye nusu saa, atavumilia vizuri kuliko akiwa chini ya kitanda chako. Kwa mbwa, mlinzi anayeongezewa malipo kidogo, pamoja na mtu wa kupita kukagua, mara nyingi inatosha. Miji mikubwa ina kliniki za mifugo zinazolaza wanyama kwa malipo ya siku. Mwenye mbwa atakwambia ni ghali. Naam, ndiyo maana amekupigia wewe.

Getini, kabla hajashushwa garini

Umeshindwa, umekubali. Basi usimpokee mnyama kwa njia ya dereva. Mwenyewe aje, na mkabidhiane getini.

Cha kwanza ni kadi ya chanjo, uishike mkononi. Angalia tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa au paka huchanjwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kwa ratiba, na huku kwetu desturi ni kila mwaka. Kwa mbwa, angalia pia chanjo ya mseto inayojumuisha parvo na distempa, virusi vingine vinavyoua mbwa. “Amechanjwa, kadi sijui iko wapi” maana yake hajachanjwa mpaka kliniki ithibitishe. Na chanjo iliyopigwa juzi kwa sababu ya safari haijawa kinga bado: kwa mnyama anayechanjwa mara ya kwanza huhesabiwa siku 21.

Cha pili ni jina na namba ya daktari wake, na ujumbe wa maandishi kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa huyo daktari, wewe ukiwa umenakiliwa: fulani anamwangalia mbwa wangu kuanzia tarehe hii mpaka hii, mtibu, gharama mpaka kiasi hiki usinisubiri. Hicho kiasi kiandikwe kwa tarakimu. Bila ujumbe huo utasimama kaunta saa nne usiku ukipiga namba isiyopatikana, huku daktari anauliza nani ataidhinisha upasuaji.

Cha tatu ni fedha. Za chakula na za dharura, zitumwe kwenye M-Pesa yako kabla hajaondoka. Hapa ndipo muhali unapowaponza wengi: wanaona aibu kudai, halafu wanalipa wao, halafu wanaona aibu mara ya pili kudai warudishiwe. Mtu aliyekata tiketi ya ndege anaweza kununua mfuko wa chakula.

Vingine ni vya kuuliza na kuandika: anakula nini, kiasi gani, saa ngapi, anaogopa nini, ameshawahi kuuma, anatumia dawa gani. Na kama ni jike ambaye hajafungwa kizazi, joto lake la mwisho lilikuwa lini. Swali hilo watu hulisahau, na ndilo litakalokuletea mbwa sita wa mtaani getini. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, na kila mara hudumu kama wiki tatu. Siku tisa hivi za mwanzo anavimba na kutoka damu, lakini bado anawafukuza madume. Damu ikififia na kuwa rangi ya majani makavu, walezi hushusha pumzi wakidhani yamekwisha, wanamwachia uani. Kumbe hapo ndipo anapokubali kupandwa. Mwenyewe anarudi na mabegi yake, miezi miwili baadaye anakupigia simu.

“Nikifika nitamtumia mtu amfuate”

Siku kumi zina tabia ya kuzaa. Zikiambatana na maneno “nahamia kule, nikishatulia nitamchukua”, piga hesabu mwenyewe. Mbwa au paka anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda kwenda nchi za Umoja wa Ulaya lazima awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Zipite siku 30 ndipo damu ichukuliwe kupimwa kingamwili, ambazo zisipungue yuniti 0.5 kwa mililita, katika maabara iliyoidhinishwa. Kisha isubiriwe miezi mitatu kuanzia siku damu ilipochukuliwa. Jumla ni miezi minne na ushei, kama hakuna kilichoharibika, na chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Uingereza inadai kipimo hichohicho na miezi mitatu hiyohiyo. Marekani, tangu Agosti 2024, inataka kila mbwa anayeingia awe na chipu na umri usiopungua miezi sita, na Kenya na Tanzania zimo kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo makaratasi yanaongezeka.

Basi anayekwambia “wiki mbili nimeshamvuta” na mbwa hajapimwa damu, anakuomba miezi mitano bila kujua. Mwambie hiyo hesabu akiwa bado yuko nchini, kwa kuwa kipimo huanzia huku.

Kasuku, kobe na tumbili

Hapa shauri letu halina upole: usipokee. Yule kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu amewekwa kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017, daraja la ulinzi mkali kabisa. Kenya, mwenye kumfuga anatakiwa awe na kibali kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tanzania, mnyamapori aliye hai akikutwa kwako bila kibali anaweza kukuletea kesi ya kupatikana na nyara za serikali, ileile tuisikiayo kwenye taarifa za pembe za ndovu. Kobe anayetembea kwenye bustani ya jirani yumo, tumbili wa kamba yumo. Na angalia neno lenyewe: kupatikana. Anayeulizwa kwanza ni aliyekutwa naye. Kusema “ni wa shemeji” hakumhamishi kobe kutoka uani kwako.

Akiwa ni kasuku mwenye kibali, nakala yake ibaki kwako. Kisha kumbuka mambo mawili. Parachichi ni sumu kwake. Kikaango kisichoshika chakula kikisahaulika jikoni kikaungua, mafusho yake yanaweza kumuua ndege ndani ya dakika chache, hata kama wewe hujasikia harufu. Tundu lisikae karibu na jiko.

Siku tatu za mwanzo

Wanyama wengi wa kuachiwa hupotea mapema, kabla hawajaelewa kwamba hapa ndipo wanapolala sasa. Mbwa anatafuta njia ya kurudi kwao, na geti linafunguliwa kwa ajili ya bodaboda, fundi bomba na watoto wa shule.

Mkanda wa shingoni ubane kiasi kwamba vidole viwili vinapita chini yake, visizidi. Ukilegea zaidi, mbwa akirudi kinyumenyume kwa woga anauvua kwa masikio. Andika namba yako ya simu kwenye kipande cha kitambaa na kukishona kwenye mkanda, maana namba iliyopo ni ya mtu aliye nje ya nchi. Siku tatu hizo asitoke bila kamba hata uani, kama ukuta hujauhakiki. Akichomoka usimkimbize: ukikimbia nyuma yake unamwongezea mbio. Chuchumaa, geuka ubavu, mwite kwa sauti ya kawaida, tikisa bakuli lake la chakula. Akipotelea mbali, tuma mtu kwenye nyumba ya mwenyewe. Wengi huelekea huko.

Paka anahitaji chumba kimoja tu mwanzoni, mlango umefungwa, dirisha lina wavu. Humo weka trei ya mchanga upande mmoja, chakula na maji upande wa pili, na boksi la katoni lililotobolewa mlango, ndani yake nguo ya mwenyewe isiyofuliwa. Usiku wa kwanza ataingia uvunguni. Utamuona macho tu, na pumzi yake inayopandisha mbavu kwa kasi. Usimvute. Kaa sakafuni dakika ishirini ukisoma simu yako, ondoka. Asubuhi angalia mchanga: kama umefukuliwa na chakula kimepungua, mambo yanakwenda, hata kama bado humuoni. Akitoroka, usitangaze mtaa mzima kwanza. Paka wa ndani aliyeshtuka hujibana karibu: uvungu wa gari, dari, stoo ya jirani. Tafuta usiku, kumetulia, kwa tochi ya kumulika chini. Macho yake yatarudisha mwanga.

Kama una mnyama wako, mbwa wawili wakutane nje ya geti, mahali ambapo si pa mmoja wao, wakitembezwa sambamba kwa umbali wa mita chache kabla ya kuingia pamoja. Mabakuli yawe vyumba tofauti mpaka siku ya mwisho. Ugomvi mwingi wa mbwa wageni huanzia kwenye chakula.

Chakula, na hilo neno “anakula chochote”

Hakuna mnyama anayekula chochote bila tumbo lake kutoa maoni. Mbwa aliyezoea ugali wa dona na dagaa ukimpa ghafla chakula cha mfuko ataharisha, na wa mfuko ukimpa utumbo wa sokoni ni vilevile. Muagize mwenyewe alete chakula cha siku zote, na siku mbili za ziada. Kama lazima ubadilishe, fanya kwa wiki: siku mbili robo kwa robo tatu, siku mbili nusu kwa nusu, siku mbili robo tatu kwa robo, kisha kipya kitupu.

Kwa kipimo, mbwa mzima wa kilo 20 asiyefanya kazi nzito hula kama gramu 300 za chakula kikavu kwa siku, umgawie asubuhi na jioni. Maji ni kama lita moja, na kwa joto la Dar au Mombasa huzidi. Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 60 hivi. Pima kwa mizani ya jikoni siku ya kwanza, kisha weka alama kwenye kikombe. Kikombe cha “kukadiria” hunenepesha kila siku.

Mbwa anayesusa siku moja kwa unyonge si habari. Paka ni habari. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili hadi tatu bila kula, mwili unaanza kuvunja mafuta kwa wingi na kuyapeleka kwenye ini mpaka ini linashindwa kazi. Saa 24 bila kuonja kitu, mpashie samaki moto kidogo harufu ipande. Saa 48, mpeleke.

Vya kutompa kabisa unavijua nusu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Gunzi la hindi la kuchoma, ambalo mtoto hulitupa uani bila kufikiri, mbwa hulimeza vipande vikaziba utumbo, na hapo ni kisu cha daktari tu. Vitunguu, vibichi au vya kwenye mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti na zabibu nazo weka mbali.

Kabati la dawa ni baya zaidi. Kidonge kimoja cha panadol cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake halina namna ya kukivunja. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa matumbo ya mbwa na kuua figo. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethrini, ukimpaka paka “kidogo tu”, ndani ya saa chache anatetemeka na kuingia degedege. Dawa ya kuogeshea ng’ombe isimguse paka kwa namna yoyote. Hata ile dawa ya sakafuni inayogeuka maziwa ukiitia maji, paka akiikanyaga atairamba miguuni. Nyumba yenye paka mgeni ipigwe deki kwa sabuni na maji mengi.

Dalili za usiku

Jifunze fizi za mnyama siku ya kwanza akiwa mzima. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka ipauke, achia. Rangi ya waridi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Fizi nyeupe, za njano, au za kijivu, usiku huohuo daktari. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa kwa njia ya haja kubwa, ni kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo usiogope 38.8 ambayo kwa binadamu ingekuwa homa.

Homa ya kupe huanza kwa mbwa kuzubaa na kukataa chakula. Ikiwa ni babesia, mkojo unakuwa rangi ya kahawa nyeusi. Tarehe zake zina faida kubwa kwako. Babesia na elikia, maradhi mawili yanayoletwa na kupe, huchukua wiki moja hadi tatu toka kupe alipouma mpaka dalili kutokea. Mbwa akiugua siku ya nne kwako, alikuja na ugonjwa kutoka kwao, na hilo daktari anaweza kumwambia mwenyewe kabla hajasema umemlisha vibaya. Parvo ni ya haraka zaidi, kwa kawaida siku tatu hadi saba: kutapika, kisha kuhara damu yenye harufu isiyosahaulika. Sakafu iliyochafuka ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, ikae dakika kumi.

Kupe utakayemkuta mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, wima, bila kuzungusha. Mafuta ya taa, njiti ya moto na vaselini humfanya atapike ndani ya jeraha. Mtie kwenye kichupa cha spiriti. Tafuta ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya mkia.

Paka dume anayeingia kwenye trei, anachuchumaa, anatoka, anarudi, analia, anajiramba, na mchanga mkavu: watu humpa mafuta ya kula wakidhani ni haja kubwa imekwama. Huyo mkojo umeziba. Sumu inarudi kwenye damu, moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Ni safari ya saa hiyo, hata kama mwenyewe hapokei, hata kama ni Jumapili.

Mbwa wa pua fupi hawaliwezi joto letu la mchana. Akihema kwa kishindo, mate mazito, ulimi wa zambarau, mmwagie maji ya bomba tumboni na mapajani, mwelekezee feni, na mkiwa njiani kwenda kliniki endeleeni kummwagia. Taulo bichi lililomfunika huzuia joto kutoka, litoe.

Akiuma mtu

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na ndiyo hatua inayopuuzwa zaidi. Hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya mtu aliyeumwa huanza siku ya 0, hurudiwa siku ya 3 na ya 7, na katika ratiba nyingi kuna dozi nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Kadi ya chanjo ya mbwa nenda nayo, lakini isiwe kisingizio cha kubaki nyumbani. Mbwa afungiwe, asiuawe, aangaliwe siku kumi: kama alikuwa na virusi mateni siku aliyouma, ndani ya muda huo ataugua au kufa. Mbwa aliyeuawa kwa hasira na kutupwa hawezi kumwambia daktari chochote. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya eneo lenu. Na mzazi wa mtoto hatamtafuta mtu aliye Dubai; atagonga mlango wako, ndiyo maana fedha ya dharura ilidaiwa getini.

Siku ya kumi na moja

Siku mbili kabla ya tarehe ya kurudi, tuma ujumbe: “Keshokutwa unamfuata saa ngapi?” Usiulize kama anakuja. Akija, aje yeye getini kwako. Ukimpelekea, mwakani utapelekewa wawili. Mkabidhi chakula kilichobaki, kadi, risiti, na karatasi ya tarehe alizotapika au kuharisha.

Kisha shughulika na nyumba. Viroboto wakubwa huondoka na mbwa, lakini mayai na vifukofuko vimebaki kwenye mikeka, nyufa za sakafu na uvungu wa sofa. Humo hungoja wiki nyingi, huanguliwa wakisikia mtikisiko na joto la mtu anayepita. Ndiyo maana wiki mbili baada ya mbwa kuondoka mtaanza kujikuna vifundoni, hasa mkirudi kutoka safari na nyumba ilikuwa tupu. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Fagia kila siku mpaka kwenye pembe, taka ziende nje zikiwa zimefungwa. Dawa ya kunyunyizia utairudia baada ya wiki mbili, kwa sababu haipenyi vifukofuko. Picha ya risiti ya hiyo dawa mtumie mwenye mbwa siku hiyohiyo uliyoinunua, kabla muhali haujarudi.